Kabla ya Kuongeza Damu, Jua Inakokwenda

Ukitoka maabara ya Masafu, ya Tororo, au ya hospitali ya rufaa ya kaunti ya Busia ukiwa na karatasi iliyoandikwa HB 8.4, kila utakayekutana naye njiani ana dawa. Duka la dawa lina sharubati. Jirani ana bitiruti. Shangazi atakuchemshia majani. Huenda vikakusaidia kidogo, huenda visikusaidie kabisa, kwa sababu swali la kwanza halijaulizwa: damu hii imekwenda wapi? Katika ukanda huu wa mpaka wa Kenya na Uganda, kuanzia Majanji na Port Victoria kandokando ya ziwa, kupitia Masaba na Masafu, hadi Malaba na Nagongera, upungufu wa damu mara chache huwa na sababu moja. Malaria huipasua, minyoo huinyonya, hedhi na uzazi huimwaga, chakula hakitoshi kuirudisha, na wapo waliozaliwa na chembe zisizodumu. Soma mwongozo huu ukiwa na karatasi yako mkononi, au ya mtoto wako, na uulize swali hilo wewe mwenyewe.

Namba iliyo kwenye karatasi

HB ni kifupi cha himoglobini, protini ya ndani ya chembe nyekundu inayochukua oksijeni mapafuni na kuifikisha kila mahali mwilini. Haiundwi bila madini ya chuma. Namba unayopewa ni gramu za himoglobini katika desilita moja ya damu. Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, mwanamke asiye na mimba amepungukiwa akiwa chini ya 12, mwanamume chini ya 13, na mjamzito chini ya 11, ingawa kwa miezi mitatu ya katikati ya mimba mwongozo wa mwaka 2024 umeshusha mpaka hadi 10.5. Mtoto wa miezi 6 hadi 23 mpaka wake ni 10.5, wa miaka miwili hadi minne ni 11. Mjamzito au mtoto wa chini ya miaka mitano akiwa chini ya 7, huo ni upungufu mkali. Kwa watu wazima wengine ukali huanzia chini ya 8.

Kuna jambo linalosahauliwa sana kwetu. Mipaka hiyo ni ya watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari. Busia na Tororo ziko kwenye mwinuko wa kama mita 1,200, na mwili unaoishi juu hutengeneza himoglobini zaidi ili kufidia uchache wa oksijeni hewani. Mwongozo huohuo wa 2024 unataka namba ya mtu wa mwinuko huu ipunguzwe karibu 0.8 kabla ya kulinganishwa na mipaka. Kwa hiyo mwanamke wa Masaba aliyepata 12.3 na kuambiwa yuko sawa, kwa hesabu hiyo ana 11.5, naye tayari amepungukiwa. Nakueleza haya ili usiache kujifuatilia kwa sababu tu umevuka mstari kwa nukta mbili tatu.

Upungufu wa chuma huja polepole na mwili hujizoesha. Mama mwenye HB ya 7 anaweza kuendelea kulima na kubeba maji, akidhani uchovu wake ni wa umri. Jiangalie: unahema kwenye mteremko uliozoea kuupanda, moyo unakwenda mbio ukiwa umekaa, kichwa kinazunguka ukiinuka, kucha zinavunjika, unatamani udongo. Hiyo hamu ya udongo wa kichuguu, au ya mawe laini yanayouzwa sokoni kwa wajawazito, haipaswi kuchekwa. Mara nyingi huandamana na upungufu wa chuma, na udongo wenyewe unaweza kukuletea mayai ya minyoo na kuzuia hata kile chuma kidogo ulichokula. Anayetamani udongo akapimwe damu.

Vuta ukope wa chini uone kama ndani pamekuwa peupe, na linganisha kiganja cha mtoto na chako. Kiganja kilichofifia kinatosha kukupeleka kituo cha afya siku hiyohiyo. Lakini kiganja chenye rangi hakithibitishi kuwa damu ipo ya kutosha. Kipimo cha tone la kidoleni ndicho kinachosema kweli, nacho huchukua dakika chache.

HB inakwambia damu ni kiasi gani, haikwambii kwa nini. Hospitali yenye mashine ikiweza, omba picha kamili ya damu, ambayo huonyesha pia ukubwa wa chembe. Chembe zikiwa ndogo na zimefifia, chuma ndicho kinachoshukiwa kwanza. Zikiwa kubwa kupita kawaida, huenda tatizo ni asidi ya foliki au vitamini B12, au ni dawa ya zidovudini kwa wanaotumia ARV, na vidonge vya chuma peke yake havitatibu. Kipo pia kipimo cha feritini, yaani akiba ya chuma mwilini. Ni kizuri, ila homa na malaria hukipandisha kwa uongo, kwa hiyo kikifanywa ukiwa mgonjwa kinaweza kusema akiba ipo na kumbe imekwisha.

Malaria kwanza

Ukiishi upande wowote wa mpaka huu, anza na malaria hata kama huna homa. Watafiti waliokusanya mbu Tororo mwaka 2001 na 2002 walikadiria kwamba mtu mmoja aliumwa na mbu wenye vimelea zaidi ya mara 500 kwa mwaka. Anayeumwa hivyo tangu utotoni hujenga kinga ya kiasi. Vimelea hukaa damuni bila kumlaza kitandani, lakini kazi yao ya kupasua chembe nyekundu haisimami. Ndiyo maana mtu anaweza kusema hajaugua mwaka mzima na bado HB yake ikawa 9.

Malaria ina madhara mengine ambayo wengi hawayajui. Maambukizi huamsha homoni ya ini iitwayo hepsidini, na homoni hiyo hufunga njia ya chuma utumboni. Unameza vidonge kila siku, navyo vinaishia chooni. Akiba iliyomo mwilini nayo hufungiwa, haifiki kwenye uboho wa mifupa ambako chembe mpya hutengenezwa. Kwa hiyo kumpa chuma mtu mwenye malaria isiyotibiwa ni kupoteza muda, na kwa mtoto kunaweza kuwa hatari.

Hatari hiyo ilijulikana Pemba. Huko, katika utafiti, watoto wadogo walipewa chuma na asidi ya foliki kila siku bila kupimwa kwanza, katika kisiwa ambacho wakati huo kilikuwa na malaria nyingi. Agosti 2003 sehemu hiyo ya utafiti ilisimamishwa, na matokeo yakachapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2006: watoto waliopewa chuma walilazwa hospitali na kufa zaidi kuliko wenzao. Ila katika kundi dogo lililopimwa vizuri, ambamo malaria ilitafutwa na kutibiwa, watoto waliokuwa kweli na upungufu wa chuma walinufaika. Matokeo yote mawili ni ya kweli, na yanatupa utaratibu mmoja. Mtoto apimwe malaria, atibiwe, amalize dozi, na ndipo chuma kifuate kwa ushauri wa mhudumu. Usikasirike ukiambiwa urudi na mtoto baada ya wiki mbili ndipo aanzishiwe. Na usimnunulie mtoto mwenye homa sharubati ya chuma kwenye duka la dawa, kwa sababu vimelea na bakteria nao huhitaji chuma.

Mjamzito asiisome habari ya Pemba kama katazo kwake. Utafiti uliofanywa magharibi mwa Kenya na kuchapishwa mwaka 2015 uliwafuata wajawazito 470, nusu wakipewa chuma kila siku na wote wakipewa kinga ya malaria. Malaria haikuongezeka kwa waliopewa chuma, na watoto wao walizaliwa na uzito mkubwa zaidi kwa wastani wa gramu 150.

Tororo imewahi kuona malaria ikishuka kwa kasi. Upuliziaji wa dawa kwenye kuta ulioanza Desemba 2014 uliipunguza sana, ikiwemo Nagongera, mojawapo ya sehemu zilizokuwa na mbu wengi kabisa. Baadaye malaria ilipanda tena. Wapuliziaji wakifika, toa vyombo nje uwaruhusu, na chandarua usikiache kwa sababu nyumba imepuliziwa. Chanjo ya malaria nayo ipo: kaunti ya Busia ilikuwa miongoni mwa kaunti nane za magharibi mwa Kenya zilizoanza kuipata mwaka 2019, na Uganda ilianza kuitoa Aprili 2025. Hakikisha mtoto anapata dozi zote nne. Naiweka chanjo hii miongoni mwa dawa za damu bila kusita.

Wanaonyonya kimyakimya

Mwaka 1998 Edward Miguel na Michael Kremer, wakishirikiana na shirika la International Child Support, waliufuatilia mradi wa kuwapa dawa ya minyoo wanafunzi wa shule 75 za kusini mwa wilaya ya Busia, Kenya, maeneo ya Funyula na Budalangi. Kabla ya dawa, zaidi ya tisa kati ya kila wanafunzi kumi walikuwa na angalau aina moja ya minyoo. Utoro shuleni ulipungua kwa robo, na kazi hiyo ilijulikana ulimwenguni. Kremer alikuwa mmoja wa washindi wa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019. Watoto wetu hadi leo hupewa dawa shuleni. Anayesahauliwa ni mama yao, anayepalilia shamba lilelile bila viatu.

Minyoo ya safura hupenya kwenye ngozi ya mguu, husafiri hadi utumboni, na kujishikiza humo. Aina iliyoenea zaidi kwetu hunyonya takriban sehemu tatu katika mia za mililita kwa siku kwa kila mnyoo. Namba hiyo ni ndogo mpaka uihesabu: minyoo 200 huchukua mililita 6 kila siku, kama 180 kwa mwezi. Hedhi inayozidi mililita 80 madaktari tayari huiita nzito. Kwa hiyo mwanamke mwenye minyoo mingi ni kama mwenye hedhi nzito mbili za ziada kila mwezi, bila kuona tone.

Dawa ya albendazoli ni kidonge kimoja, haina gharama kubwa, na kwa mjamzito hutolewa baada ya miezi mitatu ya kwanza. Ila minyoo hurudi kama choo na viatu havipo, hivyo rudia kila miezi sita. Wanaoishi karibu na ziwa, wavuvi, wanaofua na wanaolima mpunga waulizie pia kichocho. Dawa yake ni nyingine, prazikwanteli, na kidonge cha safura hakikigusi kichocho.

Damu inayotoka na kuonekana

Hedhi ya kawaida haimalizi pedi kila baada ya saa moja au mbili, haina mabonge makubwa, na haipiti siku saba. Ikiwa yako inafanya lolote kati ya hayo, mwambie mhudumu waziwazi, maana huenda kuna uvimbe wa kizazi unaotibika. Mweleze pia njia ya uzazi wa mpango unayotumia: kitanzi cha shaba kinaweza kuongeza hedhi, na kile chenye homoni huipunguza. Wasichana wengi huona haya kulisema hili mbele ya mwanamume. Omba muuguzi mwanamke. Ni haki yako.

Mwanamume mwenye upungufu wa chuma, na mwanamke aliyekoma hedhi, wasikubali kupewa vidonge tu na kurudishwa nyumbani. Hao huwa wanavuja damu mahali fulani, mara nyingi tumboni. Vidonda vya tumbo ndivyo vya kwanza kufikiriwa, hasa kwa anayemeza diklofenaki au aspirini kwa ajili ya mgongo na magoti miezi nenda miezi rudi. Bawasiri, na wakati mwingine saratani ya utumbo, hufuata. Choo cheusi kinachonata kama lami, kabla hujaanza vidonge vya chuma, ni sababu ya kwenda hospitali leo.

Mimba moja humdai mama takriban miligramu 1,000 za chuma, na chakula cha kawaida hakiwezi kulilipa deni hilo. Ndiyo sababu kliniki hutoa kidonge cha kila siku chenye miligramu 60 za chuma na asidi ya foliki kidogo, miligramu 0.4. Kidogo hicho kina maana yake. Vidonge vya foliki vya miligramu 5, ambavyo huuzwa madukani, hudhoofisha Fansidar unayopewa kliniki kwa ajili ya kuzuia malaria. Usijiongezee foliki kwa kudhani zaidi ni bora.

Na Fansidar yenyewe si ngao kamili tena. Kati ya 2016 na 2017 wajawazito 782 wa wilaya ya Busia, Uganda, walifuatiliwa Masafu katika utafiti uliolinganisha Fansidar na dawa nyingine, dihidroatemisinini pamoja na piperakwini. Waliokunywa Fansidar waliugua malaria mara nyingi zaidi. Hata hivyo watoto wao hawakuzaliwa na hali mbaya zaidi, na ndiyo sababu mojawapo ya Fansidar kuendelea kutolewa. Meza dozi zako zote, na kila usiku ulale ndani ya chandarua.

Siku ya kujifungua, mwombe mkunga asiharakishe kufunga kitovu. Kusubiri dakika moja hadi tatu humpa mtoto damu ya kondo iliyo yake, na akiba hiyo ya chuma humsaidia kwa miezi yake ya kwanza. Haigharimu chochote.

Wanaovuka mpaka kwa kliniki, na ni wengi, wabebe kitabu cha kliniki kila waendako. Nimeona ni kawaida mama kuanzia kliniki upande wa Kenya na kujifungulia kwao Uganda. Bila kitabu, HB ya mwezi wa tano haijulikani kwa mkunga wa mwezi wa tisa. Omba namba iandikwe pamoja na tarehe.

Vidonge, na kuvimaliza

Kidonge cha kawaida cha feroso salfati cha miligramu 200 kina kama miligramu 65 za chuma halisi. Kwenye chupa au pakiti tafuta kiasi hicho cha chuma halisi, kwa maana uzito wa kidonge na uzito wa chuma kilichomo ni vitu viwili tofauti. Sharubati nyingi za kuongeza damu zina chuma kidogo mno kwa mtu mzima ingawa bei yake ni kubwa. Vidonge vya kliniki vya bure ndivyo vyenye nguvu zaidi.

Meza asubuhi kabla ya kula, kwa maji, na ukipata ndimu au chungwa ni vizuri zaidi. Usimeze kwa chai wala kwa maziwa, wala pamoja na dawa ya kiungulia. Tumbo likikusumbua, meza baada ya kula kidogo. Ni afadhali chuma kiingie kidogo kuliko uache. Choo kitakuwa cheusi. Hiyo ni kawaida, na wala si dalili ya ubaya. Choo kikiwa kigumu, kunywa maji zaidi, kula papai na mboga.

Kwa mwanamke asiye na mimba, watafiti wa Zurich walionyesha mwaka 2017 kwamba kumeza siku moja na kuruka ya pili huingiza chuma zaidi, kwa sababu dozi ya leo hupandisha hepsidini inayoizuia dozi ya kesho. Anayeshindwa na kichefuchefu cha kila siku amuulize mhudumu kuhusu njia hiyo. Mjamzito afuate alivyoagizwa na kliniki.

Anayetumia ARV zenye dolutegravir, na wengi wako humo sasa, ajue kwamba chuma huishika dawa hiyo tumboni isiingie damuni. Ama meza vyote pamoja na chakula, ama meza dolutegravir saa mbili kabla ya chuma au saa sita baada yake. Kuvimeza pamoja tumbo likiwa tupu ndilo kosa. Waambie wahudumu wa kliniki ya ARV kwamba unatumia chuma.

Sasa sehemu ambayo wengi huikosa. Baada ya wiki mbili tatu utajisikia mwenye nguvu, na kishawishi cha kuacha kitakuja. Usiache. Rudi upime baada ya wiki nne. HB inapaswa kuwa imepanda kwa gramu moja au zaidi. Kama haikupanda, ama vidonge havikumezwa, ama havikuingia, ama damu bado inatoka, ama chuma hakikuwa tatizo. Rudi kwenye swali la mwanzo badala ya kununua chupa nyingine. Na hata HB ikifika pazuri, endelea kwa miezi mitatu zaidi, kwa sababu mwili hujaza damu kwanza na akiba mwishoni. Anayeishia njiani hujikuta amerudi palepale mvua za mwaka ujao. Kama vidonge vimekushinda kabisa, au mimba imekua na muda ni mfupi, ipo njia ya chuma cha mshipa katika hospitali kubwa.

Vidonge hivyo viwekwe juu, mbali na watoto. Vinafanana na peremende, na konzi moja inaweza kumuua mtoto.

Sahani ya huku kwetu

Wekundu wa chakula hauna uhusiano na damu. Bitiruti, rosela na soda nyekundu hazina chuma cha kukuondoa kwenye 8. Chakula chenye chuma kinachoingia damuni kwa wepesi ni cha wanyama: maini, wengu, nyama, kuku, samaki. Kwa mfuko wa kawaida wa huku, mshindi ni omena, anayeitwa mukene upande wa pili, kwa vile huliwa mzima na huuzwa kwa kikombe. Mtwange awe unga, umtie kwenye uji au mboga ya mtoto aliyetimiza miezi sita. Kumbikumbi wa msimu wa mvua nao wana chuma, na ni chakula cha heshima. Wale wanaowaona ni wa kimaskini wanajinyima. Mjamzito asizidishe maini, hasa miezi ya kwanza, kwa sababu ya wingi wa vitamini A.

Chuma cha mboga, kunde, maharagwe, ufuta na wimbi kipo, ila huingia kwa shida. Hapo ujuzi wa mpishi hufanya kazi. Kipande kidogo cha nyama au omena ndani ya sufuria huvuta chuma cha mboga iliyomo. Ndimu, nyanya mbichi, embe au pera pembeni hufanya vivyo hivyo. Loweka maharagwe usiku kucha na umwage maji. Uji wa wimbi uliochachushwa, walivyoupika bibi zetu, una chuma kinachopatikana zaidi kuliko ule wa haraka, kwa sababu uchachu huvunja kizuizi kilicho kwenye nafaka. Uganda ilitoa mbegu za maharagwe yenye chuma kingi mwaka 2016 kwa jina la NAROBEAN; mkulima aulizie kwa bwana shamba.

Chai ndiyo adui wa mezani. Kikombe kimoja pamoja na mlo huzuia zaidi ya nusu ya chuma cha mboga na nafaka. Sikwambii uache chai. Isogeze saa moja au zaidi baada ya kula. Mtoto asipewe kabisa.

Unga wa pakiti wa viwandani Kenya hutiwa chuma kwa sheria tangu 2012, na Uganda nayo ina sheria kwa viwanda vikubwa. Unga wa kinu cha kijijini hautiwi kitu. Familia inayosaga nafaka yake iweke omena na mboga zaidi.

Mtoto aliyezidiwa

Usisubiri asubuhi mtoto akiwa anahema kwa haraka, amelegea, hanyonyi, au mkojo wake umekuwa mweusi kama soda ya kola. Mkojo huo umeonekana sana kwa watoto wa mashariki mwa Uganda wanaofikishwa Mbale na Soroti, na ni ishara kwamba chembe nyekundu zinapasuka kwa wingi. Hapo bodaboda iitwe usiku huohuo.

Hospitalini usishangae kama daktari hatamwongeza damu mara moja. Utafiti mkubwa uliofanywa Mbale, Soroti, Mulago na Malawi, na kuchapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba mtoto mwenye HB kati ya 4 na 6 asiye na dalili za hatari anaweza kusubiri, mradi anapimwa tena na tena. Aliye chini ya 4, au mwenye dalili hizo, huongezewa bila kuchelewa. Hakikisha tu kwamba kusubiri huko kunaendana na kupimwa.

Mtoto anayerudia kupungukiwa damu, ana macho ya manjano, au mikono na miguu inavimba na kuuma, apimwe selimundu, ugonjwa wa kuzaliwa na chembe zisizodumu. Uchunguzi wa nchi nzima Uganda uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta watoto wachanga 13 kati ya 100 wamerithi tabia ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja. Karibu 7 kati ya 1,000 wana ugonjwa wenyewe, na chuma kwao hutolewa tu pale upungufu wake umethibitishwa, hasa kama wamekuwa wakiongezewa damu. Mtoto mwenye utapiamlo mkali naye hapewi chuma siku za mwanzo za matibabu. Wahudumu wanajua wakati wake.

Hatari haiishii mlangoni mwa wodi. Mtoto aliyelazwa kwa upungufu mkali wa damu yumo hatarini kwa miezi kadhaa baada ya kuruhusiwa, kwa sababu malaria mpya humkuta uboho wake bado haujapona. Utafiti wa Kenya na Uganda uliochapishwa Desemba 2020 uliwapa watoto kama hao dawa ya kuzuia malaria kila mwezi kwa miezi mitatu, na katika kipindi hicho vifo na kulazwa tena vilipungua kwa asilimia 70. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza utaratibu huo mwaka 2022. Siku ya kuruhusiwa, muulize daktari kama hospitali yako inatoa dawa hiyo, lini uanze chuma, na tarehe gani HB ipimwe tena. Viandikwe kitabuni. Na tarehe hiyo ikifika, mpeleke, hata kama mtoto anakimbia uani na wenzake.